Vlasta Hrbacek na Kisanduku cha Nyayo

Marehemu aliisoma karatasi hii ya wasifu wake mwenyewe mara tatu kabla ya kufariki, na akaisahihisha mara nne. Alifuta neno "mpole" mahali pawili, akaongeza tarehe sita, na pale palipoandikwa kwamba alipendwa na watu wote akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Watu gani? Taja majina." Kwa hiyo wapendwa mliofika leo, Jumamosi tarehe 22 Februari 2025, katika kanisa la Mtakatifu Ludmila hapa Lhota, mjue kwamba mtakayosikia ni ya kweli, na yale yasiyopendeza yamo kwa amri yake.

Vlasta Agnes Hrbacek alizaliwa Jumamosi tarehe 11 Agosti 1951 katika shamba la pamba la wazazi wake, Emil na Albina Chovanec, maili nne kusini mwa Lhota, Texas. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu, akimfuata kaka yake Alfons na kufuatwa na marehemu Georgina. Nyumbani waliongea Kicheki cha Moravia. Kiingereza alikikuta shuleni, akakitilia shaka mpaka mwisho. Alichelewa kusema. Neno lake la kwanza, kwa ushahidi wa Alfons aliyekuwepo, lilikuwa "ne", yaani hapana, na aliyeambiwa alikuwa shangazi mmoja aliyekuwa akisema kwamba mtoto huyu kafanana na baba yake.

Alisoma shule ya parokia kwa masista, ambao walimwogopa kidogo, kisha sekondari ya Lhota aliyoimaliza mwaka 1969. Mwaka 1973 alipata shahada ya kemia. Alihitimu, jambo ambalo si kila mtu katika ukoo huu ameliweza, na hakuwahi kumkumbusha yeyote zaidi ya mara mbili kwa mwaka.

Kuanzia mwaka 1974 alipima maji ya visima katika maabara ya serikali ya jimbo mjini Austin. Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na tisa. Watu wa Lhota walizoea kumwona akija nyumbani Ijumaa jioni, anapewa glasi ya maji, anainyanyua kwenye mwanga, anaitazama, ndipo anasalimia.

Alifunga ndoa na Rupert Hrbacek tarehe 5 Juni 1976 katika kanisa hili hili. Rupert aliendesha greda la barabara za kaunti mchana, na mwisho wa juma alipiga kodiani kwenye kumbi za dansi ya polka. Siku alipomposa, katikati ya dansi, Vlasta alimuuliza, "Nani mwingine anaweza kuthibitisha haya unayosema?" Rupert akageuka akaita bendi nzima. Wapiga tarumbeta wawili walithibitisha. Mpiga ngoma aliomba muda wa kufikiri. Hawakujaliwa watoto, lakini walijaliwa miaka thelathini na mitano ya kubishana kwa furaha, mpaka Rupert alipofariki tarehe 2 Mei 2011.

Sasa inafuata sehemu ya kazi ambayo marehemu alisema isirukwe.

Mwaka 2003 alihamishiwa meza mpya. Sheria ilikuwa inataka kwamba ushahidi wowote wa maabara ya uchunguzi wa jinai usikubaliwe mahakamani kama maabara hiyo haina ithibati. Jimbo lenyewe halikukagua maabara. Lilitambua rasmi mabaraza ya ithibati, na mabaraza hayo ndiyo yaliyokwenda kukagua maabara. Kazi ya Vlasta ilikuwa kuamua baraza lipi litambuliwe, na kwa uchunguzi wa aina gani.

"Kwa hiyo unafanya nini hasa?" Alfons alimuuliza Krismasi ile.

"Nawakagua wanaowakagua wanaokagua."

"Na wewe nani anakukagua?"

"Mungu, na Bwana Pruett wa ghorofa ya tatu."

"Kati yao mkali nani?"

"Mungu angalau anasoma nilichoandika."

Mezani kwake palikuwa na fomu yenye visanduku kumi na kimoja, kila kimoja kwa aina yake ya uchunguzi: dawa za kulevya, pombe katika damu, vinasaba, risasi, na kadhalika, mpaka cha mwisho kabisa, nyayo za viatu na alama za matairi. Juu ya vyote kilikuwepo kisanduku kimoja kikubwa kilichoandikwa "Zote". Kanuni ilikuwa nyepesi, na yeye mwenyewe aliitungia maneno: baraza haliwezi kukagua kazi ambayo halina mtu anayeijua.

Mapema Oktoba 2004 faili la Baraza la Ithibati la Palo Seco lilikuwa mbele yake. Baraza lilileta majina ya wakaguzi wake na ujuzi wao. Wa dawa walikuwepo, wa damu walikuwepo, wa risasi alikuwepo mmoja mzee. Wa nyayo hakuwepo. Alhamisi tarehe 7 Oktoba, saa tisa alasiri, mkuu wake, Bwana Pruett, akapiga simu kutoka ghorofa ya tatu.

"Vlasta, barua ya Palo Seco iko wapi?"

"Bado nyayo. Hawajaniletea mtu wa nyayo."

"Wana watu wa damu?"

"Wapo wanne."

"Sasa mtu anayeiweza damu atashindwa na kiatu?"

"Mimi sijui. Ndiyo maana nauliza."

"Maabara tano za magharibi zinafungwa mwisho wa mwezi bila ithibati. Kesi zimerundikana. Tia alama, dada yangu, nyayo utawauliza baadaye."

Akatia alama kwenye "Zote". Akasaini. Kisha akachukua karatasi ndogo ya manjano ya kubandika, akaandika "Nyayo — nani?" na kuibandika kwenye nakala ya faili, ili akumbuke kuuliza. Faili likaenda kabatini na karatasi yake. Hiyo baadaye haikufika. Kila mwenye kuwahi kukaa ofisini anajua karatasi za namna hiyo huishia wapi, na ambaye hajawahi asijifanye mtakatifu.

Jumamosi iliyofuata, tarehe 9, ilikuwa sikukuu ya parokia. Padre Stanislav, ambaye ndiye anayetuongozea misa leo na anaweza kukanusha akitaka, alimwomba Vlasta awe jaji wa mashindano ya kidari cha ng'ombe cha kuchomwa kwa moshi.

"Ne, Padre. Sijawahi kuchoma kidari hata siku moja. Nitajuaje kama kimekosewa?"

"Vlasta, ni nyama. Unaonja, unatoa alama."

"Hivyo ndivyo watu wanavyolishwa nyama mbaya."

"Basi ukae kwenye kolache za mbegu za popi, bibi mgumu wewe."

"Hizo nazijua. Nipe."

Vlasta akaenda kwenye kolache, vile vimkate vitamu vya Kicheki, na kazi ya kidari akapewa Alfons, ambaye alimpa zawadi ya kwanza jirani yake mwenye trekta. Kwa miaka kumi na tano kisa hicho kilisimuliwa kwenye kila harusi ya Lhota: Vlasta aliyekataa kuonja nyama. Picha ya Alfons na utepe wake wa ujaji, yenye tarehe chini, bado imetundikwa ukutani kwenye ukumbi tutakaokula baada ya mazishi.

Alistaafu mwaka 2013 kwa keki na saa ya ukutani. Saa ilikuwa nyuma kwa dakika mbili. Aliirudisha.

Tarehe 14 Novemba 2019, Alhamisi, wakili anayeitwa Priscilla Ynocencio aligonga mlango wake akiwa na mkoba mzito. Vlasta alimkaribisha jikoni, akamwekea kahawa na kolache. Wakili akatoa nakala ya karatasi ya faili la Palo Seco. Waliolinakili faili kwa mashine hawakuondoa kile kikaratasi, kwa hiyo kilionekana katikati ya ukurasa, cheusi-cheupe, na maneno yake mawili.

"Bi Hrbacek, huu mwandiko ni wako?"

Vlasta aliutazama kama alivyotazama glasi za maji.

"Sikumbuki," alisema.

"Chini kuna saini yako."

"Saini ni yangu. Hicho kikaratasi sikumbuki. Chukua kolache nyingine, mwanangu, una safari ndefu."

Marehemu alitaka isomwe hivyo hivyo: alidanganya, na alimfungashia mgeni kolache sita.

Kabla ya kuondoka wakili alimweleza habari za mtu mmoja. Lavelle Roquemore alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika kiwanda cha trela za ng'ombe, kaunti ya Delgado. Machi 2007 alihukumiwa miaka arobaini na mitano kwa kumuua mlinzi wa duka la chakula cha mifugo. Hakuonekana na mtu yeyote pale. Kulikuwa na unyayo wa buti kwenye tope, na mtaalamu wa maabara ya kaunti aliapa kwamba ni buti la Roquemore na si jingine duniani. Wakili wake wa wakati ule alipinga. Jaji akauliza: maabara ina ithibati? Inayo, kutoka Palo Seco. Palo Seco linatambuliwa kwa nyayo? Ndipo akapewa barua ya tarehe 7 Oktoba 2004. Aliisoma, akairudisha, na pingamizi likaishia hapo.

Vlasta hakumwambia mtu kwa siku kumi. Jumapili tarehe 24 Novemba, kwenye chakula cha parokia, binamu mmoja aliyekuwa ameshashiba bia alianza tena kisa cha kidari. Alisimama chini ya ile picha, akaigusa kwa kidole, akasoma kwa sauti ya kuhubiri: "Tarehe tisa Oktoba elfu mbili na nne! Siku Vlasta alipoikimbia nyama!" Ukumbi ukacheka. Vlasta alihesabu kutoka saba mpaka tisa, akaweka uma chini. Kwa nyama alikuwa ametaka mtu anayejua. Kwa mtu, siku mbili kabla, hakutaka.

Alfons alimfuata nje kwenye maegesho.

"Una nini?"

Akamweleza.

"Kwani wewe ulimfunga?" Alfons alisema. "Waliomfunga ni watu kumi na wawili wa baraza la wazee wa mahakama, na jaji, na huyo mtu wa mabuti. Wewe ulitia alama kwenye kisanduku. Alama, Vlasta! Hivi!" Akachora hewani kwa kidole.

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Umestaafu, dada. Mwache wakili atafute njia nyingine."

"Njia nyingine ingekuwepo asingekuja kwa bibi wa kolache."

Jumatatu asubuhi alimpigia wakili simu. "Mwandiko ni wangu," alisema. "Na siku ile ulipokuja nilikumbuka vizuri sana. Andika na hilo."

Januari 2020 alikwenda gerezani kumwona Roquemore. Alikaa upande wa pili wa kioo, akashika simu, akamweleza yote kwa mpangilio wa tarehe, kama ripoti.

"Kwa hiyo, mama," Roquemore alisema mwishoni, "hao wa mabuti hawakuwahi kukaguliwa?"

"Walikaguliwa. Na watu wasiojua mabuti."

"Mimi nilikuwa natengeneza trela za ng'ombe. Kila mshono niliochomelea ulikaguliwa na mchomeleaji. Ng'ombe wale, mama, walikuwa wanakwenda kuchinjwa."

Vlasta aliihamishia simu sikio la pili. Familia haimjui mtu mwingine aliyewahi kumshinda kwa hoja.

"Sijui kama ulimuua yule mlinzi," alimwambia baadaye.

"Sikumuua."

"Sijui. Wala hao waliosema wanajua hawajui. Hilo ndilo ninaloweza kuapa."

"Basi liapie hilo hilo," Roquemore akasema. "Wengine hapa hawana hata hilo."

Tangu siku hiyo alimwandikia kila mwezi, na alijibiwa kila mwezi. Barua hizo zipo, sitini zake kwa nakala na sitini za majibu, zimepangwa kwa tarehe, na zile za Roquemore zina masahihisho machache ya kalamu nyekundu.

Hati yake ya kiapo ilipelekwa mahakamani Mei 2020. Mwaka 2021 ilikataliwa, kwa sababu kikaratasi cha kubandika si kumbukumbu rasmi ya serikali. Akaiandikia ofisi yake ya zamani akiiomba itamke kwamba utambuzi ule, upande wa nyayo, ulitolewa kimakosa. Baada ya miezi saba ofisi ilijibu kwamba utambuzi ulikuwa halali kwa muda wote uliokuwa halali. Barua hiyo aliibandika kwenye jokofu kwa sumaku ya jogoo. Akataka kuliandikia Palo Seco lenyewe, akakuta baraza lilishavunjwa mwaka 2009 na anuani yake sasa ni duka la mabwawa ya kuogelea. Aliliandikia hata hivyo. Duka lilimpelekea orodha ya bei.

Watu wa Lhota waligawanyika. Wapo walioacha kumsalimia, kwa kuwa yule mlinzi naye alikuwa na mama. Vlasta alilijua hilo. Alikwenda kumwona mama huyo mara mbili. Mara ya kwanza mlango haukufunguliwa, mara ya pili ulifunguliwa, na yaliyosemwa ndani hakumwambia mtu.

Agosti 2024 mahakama ya rufaa iliamuru shauri lisikilizwe upya, na kwamba Vlasta Hrbacek atoe ushahidi kwa mdomo wake. Alinunua viatu vipya kwa ajili ya siku hiyo. Oktoba 2024 alianza kupungua na kuumwa mgongo, na tarehe 29 mwezi huo daktari alimwambia kwamba ni saratani ya kongosho, na kwamba imeshatembea. Aliuliza maswali mawili: maabara gani iliyosoma kipimo, na nani aliyeikagua. Alipojibiwa akaridhika, akasema, "Basi ni kweli."

Shauri lilipangwa Machi. Daktari hakuahidi Machi. Kwa hiyo Jumatatu tarehe 10 Februari mwaka huu mawakili wa pande mbili, mwandishi wa mahakama na mtu wa kamera walijibana chumbani kwake, kamera ikiegemea kabati la Rupert lenye kodiani. Wakili Ynocencio aliuliza kwanza, naye akajibu kwa saa mbili: kisanduku, simu ya Bwana Pruett, kikaratasi, uongo wa kolache sita. Kisha ikafika zamu ya wakili wa serikali, Bwana Thane Goolsby, kijana mwenye adabu na tai iliyombana.

"Bi Hrbacek, unatumia dawa za maumivu. Zinaweza kuathiri kumbukumbu yako?"

"Kamuulize anayejua dawa."

Mwandishi wa mahakama alikohoa ili asicheke. Bwana Goolsby akauliza maswali mengine matatu, kisha muuguzi akaingia akasema mgonjwa amechoka, basi.

"Endelea, kijana," Vlasta alisema.

"Nitarudi Jumanne ijayo, mama. Tarehe kumi na nane. Wewe pumzika."

"Nitapumzika ukimaliza."

Siku zile zilizobaki alikunywa mchuzi ambao hakuutaka, akalala mchana kwa makusudi, na mara mbili akakataa sindano ili akili isilegee. Alifariki Jumatatu tarehe 17 Februari 2025, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, nyumbani kwake, Alfons akiwa amemshika mkono. Viatu vipya vilikuwa chini ya kitanda. Amevikwa leo.

Bwana Goolsby ametuma maua na pingamizi siku moja. Maua ni yale meupe kushoto kwa altare, na familia inashukuru. Pingamizi linasema kwamba ushahidi ambao upande mmoja haukumaliza kuuhoji haufai kupokelewa. Wakili Ynocencio anasema huenda jaji akaupokea, huenda asiupokee. Hajui, na amesema hajui, ndiyo maana marehemu alimpenda.

Marehemu ametanguliwa na wazazi wake Emil na Albina, mumewe Rupert, na mdogo wake Georgina. Ameacha kaka, Alfons Chovanec, na wifi, Delphine. Wapwa, Clement, Rosina na ndugu zao. Mbwa mmoja, Kmotr, ambaye tangu Jumatatu halali ila mlangoni. Na Lavelle Roquemore wa gereza la jimbo, ambaye si ndugu wala mkwe. Jina lake halikuwemo kwenye nakala ya kwanza. Limeongezwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni pameandikwa: "Huyu ndiye hasa niliyemwacha." Dada yake, Bi Odessa Roquemore, amesafiri saa sita kuwa nasi, yuko kiti cha mbele, na familia inaomba mtu yeyote asimuulize anatafuta nani.

Chini ya karatasi hii, mahali ambapo kwa desturi huandikwa sala ya mwisho, mtaona kisanduku kimoja kidogo. Ameagiza kichapwe hivyo, na ameagiza mtu yeyote asikitie alama leo, wala Padre. Shauri litasikilizwa Alhamisi tarehe 20 Machi 2025, saa tatu asubuhi, mahakama ya kaunti ya Delgado, ghorofa ya pili. Njooni na kalamu.

☐ Vlasta amepumzika, na kwa amani.